Kidevu cha Dirisha la Tatu

Shefu wetu anataka videvu vitupu kama sahani.
Ameandika, amegonga muhuri, amebandika ukutani:
mtu wa dirishani anyoe kila siku ya kazi.
Mimi ni dirisha la tatu. Kampuni ya maji.
Nyumbani kwangu, Kadutu juu,
bomba halijakohoa tangu Pasaka.

Miaka sita nilikuwa nachinja, sinyoi.
Saa kumi na moja, giza, baridi ya Bukavu masikioni,
maji ya bidoni, sabuni ya kufulia, wembe wa mwezi mzima,
nikivuta ngozi kama mtu anayewamba ngoma,
nikipanda kutoka kooni kwenda kidevuni, mbio,
maana niliambiwa ulaini unakaa juu.
Saa nne, shingo imewaka.
Saa sita, vipele vimejipanga kwenye kola
kama wateja wangu, kila kimoja na lalamiko lake.

"Baba, umelala na nyuki?" aliniuliza mama mmoja
akihesabu noti za mia tano, mia tano.
Nikagonga muhuri. Nikatabasamu.
Tabasamu nalo likauma.

Nilijaribu, msininyooshee kidole.
Wembe wa makali matano, Nyawera, kwa bei ya kuku:
makali matano, mikwaruzo mitano.
Spiriti ya kinyozi Bisimwa, anayemwagia watu kama anazima nyumba;
pale kitini nilitaja majina ya ukoo wote, walio hai na waliozikwa.
Ndimu. Nani aliniambia ndimu?
Dawa ya meno, usiku mmoja,
na Nabintu akageukia ukutani akicheka
mpaka kitanda kikacheka naye.

Ni yeye aliyeona, si mimi.
Mvua ya Machi, tumesimama mlangoni,
tunatazama maji mekundu yakishuka ngazi za jirani
kwenda ziwani, bila kuuliza mtu njia.
Akanishika shavu. Akapitisha kidole gumba
kwenda chini: kikapita.
Kwenda juu: kikakwama.
"Hapa zinateremka," akasema. "Hapa chini ya taya
zinakwenda pembeni, kama zinatafuta sikio.
Na hapa kooni zinazunguka tu, hazijui zitokako.
Wewe kila asubuhi unapanda mlima ambao zenyewe zinashuka.
Mtu wa Bukavu, na hujui mteremko?"

Sasa naamka dakika kumi mapema.
Kikombe kimoja cha maji ya chai, kabla hayajaona majani.
Kitambaa cha moto usoni; nahesabu mpaka mia,
na kama makala yamekubali, mia mbili.
Povu kidogo. Wembe wa kawaida, wa siku tatu, kisha nautupa.
Sivuti ngozi. Sikandamizi.
Uzito wa wembe unatosha, unajua kushuka wenyewe.
Shavu, chini. Taya, pembeni.
Kooni napita mara moja, kinachobaki kibaki;
shefu hana vidole vya kupima shingo yangu.
Maji baridi. Tone la gliserini, kwa kugusagusa.
Siku ya posho na siku ya yenga, silaha zinalala.

Sidai nimepona.
Kuna kipele kimoja chini ya sikio la kushoto,
mpangaji wa zamani, halipi wala hahami.
Tunasalimiana.

Jana kijana alikuja, kola imepandishwa mpaka masikioni.
Shingo yake niliijua kabla sijasoma jina: Murhula,
fatura ya miezi miwili
ya maji ambayo hakuyaona.
Nikamrudishia chenji, nikainamia tundu la kioo:
"Fuata mteremko, ndugu yangu. Usipande."

Akanitazama. Akatazama karatasi.
"Kwa hiyo," akasema,
"bomba la kwetu mmelifunga kichwa chini?"